Kambare wa usiku, taa kali na mimea inayoharibika: nianze kurekebisha wapi?

sharubu_sita

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wazoefu wa tangi lenye mimea na kambare wa usiku kwa pamoja, maana naona kinachofaa kimoja kinamuumiza mwenzake.

Tangi: urefu sm 120, upana sm 40, kimo sm 50. Mchanga laini wa sm 5. Gogo moja kubwa lenye umbo la upinde, mawe machache, vipande viwili vya paipu ya PVC vya kujifichia. Filta ya nje, hita imewekwa nyuzi 25, pH haiachani na 7.

Samaki: Synodontis nigriventris 6 (wale wanaoogelea chali) na Ancistrus 1 (kambare mwenye mdomo wa kufyonza).

Taa: LED ya wati 72, lumeni 7,000 (kiasi cha mwanga), kelvini 6500 (rangi ya mwanga). Imelala juu ya kioo cha kufunikia. Inawaka saa 11 kwa siku.

Mimea: Echinodorus 3, Anubias 2, Cryptocoryne wendtii 4 zilizopandwa wiki mbili zilizopita.

Shida: mchana kutwa hakuna samaki anayeonekana. Taa ikiwaka tu wanashtuka na kugonga vioo. Majani ya Anubias yana vidoti vya kijani visivyofutika, Echinodorus wametoboka, na Cryptocoryne zimeyeyuka kabisa.

Maswali yangu: nipunguze taa au niongeze maficho? Mimea gani itaishi kwenye mwanga ambao kambare wataukubali? Na je, ile taa ya bluu ya "mwezi" ina maana yoyote au ni pambo tu?

FundiWaTaa

Mkuu, nianze na hesabu. Tangi lako kwa vipimo vya nje ni lita 240. Toa mchanga, gogo, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, unabaki na kama lita 200 za maji. Lumeni 7,000 gawanya kwa 200 ni lumeni 35 kwa lita. Huo ni mwanga wa tangi la mimea ya haraka linaloongezewa gesi ya kaboni (CO2). Wewe hujataja gesi, kwa hiyo nachukulia huna. Bila gesi, mwanga wa kiasi hicho kwa saa 11 unaulisha mwani.

Kwa samaki wako lenga lumeni 15 hadi 20 kwa lita, yaani taa itoe 3,000 hadi 4,000. Kipimo hiki ni cha kukisia tu, hakijui kina cha maji wala taa imeelekea wapi. Ukipata wa kukuazima kipima PAR (mwanga ambao mmea unaweza kuutumia), kishushe hadi juu ya mchanga: ukisoma 20 hadi 40 umefika pazuri. Ukisoma 80, ndiyo hayo unayoyaona kwenye Anubias.

Namna ya kupunguza, kwa mpangilio ninaoupendelea:

Ya kwanza ni dima, kifaa cha kufifisha taa. Soma kibandiko cha adapta. Kama imeandikwa volti 24, wati 72, basi taa inavuta ampea 3; tafuta dima ya volti hiyohiyo inayobeba ampea 5 ili isichemke. Inafungwa kati ya adapta na taa, upande wa umeme mdogo. Usithubutu kuiweka kati ya soketi ya ukutani na adapta, hapo utaunguza kimojawapo. Na kama taa yako waya wake unaingia ukutani moja kwa moja bila adapta, achana na njia hii kabisa. Weka dima kwenye nusu, unapata kama lumeni 17 kwa lita.

Ya pili ni kuinua taa. Itundike sm 20 hadi 25 juu ya maji. Mwanga unatawanyika na kingo za vivuli zinakuwa laini. Ubaya wake ni kwamba mwanga mwingine unamwagika chumbani na kukuchoma macho ukikaa mbele ya tangi.

Ya tatu ni ya mkato: kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu kati ya taa na kioo. Tabaka moja linakula theluthi ya mwanga hivi, inategemea ukubwa wa matundu. Mawili yanakufikisha karibu na nusu. Yasiguse sehemu ya taa inayopata joto.

Muda sasa. Shusha kutoka saa 11 hadi 6 kwa wiki tatu za mwanzo, halafu panda hadi 7 au 8 mwani ukishatulia. Usikate vipande vipande asubuhi na jioni. Kambare wanataka ratiba moja isiyobadilika, kwa hiyo taima ni lazima, mkono wa mtu husahau. Ukifika saa 7, mimi ningeweka saa nane mchana hadi saa tatu usiku, ili jioni ukiwa umetulia uwaone wakiamka. Angalia tu kwamba kwenye taima hiyo ni 14:00 hadi 21:00. Wanaoandika 08:00 wakimaanisha saa nane ni wengi kuliko unavyodhani.

Kuhusu kushtuka: tatizo lao ni ule mruko wa kutoka giza totoro hadi jua la utosi kwa sekunde moja. Taa ya chumba iwashwe nusu saa kabla ya ile ya tangi, na usiku ibaki nusu saa baada ya ile ya tangi kuzimwa. Kama dima yako ina programu ya kupandisha mwanga polepole, ipe dakika 45 kila upande. Hilo peke yake litaondoa kugonga vioo.

Jambo la mwisho: usiiweke taa katikati. Ukipata ya sm 90 badala ya 120, isukume upande mmoja, sm 30 za upande mwingine zibaki gizani. Huko ndiko pa kuweka maficho.

jani_pana

Ndugu sharubu_sita, mimi niingie kwenye mimea. Kabla hujang'oa chochote, chukua jani moja la Echinodorus lililotoboka ulielekeze dirishani.

Ukiona sehemu ambazo ngozi ya juu imekwanguliwa, jani limekuwa kama kioo cha ukungu lakini mishipa bado imesimama, huyo ni Ancistrus wako. Ana mdomo wa kufyonza na meno ya kukwangua, na majani mapana laini ya Echinodorus ni sahani yake. Ukiona badala yake matundu madogo ya sindano kwenye majani ya zamani, yenye ukingo wa njano au kahawia unaopanuka, hapo mmea una njaa ya potasiamu. Dawa zake ni tofauti kabisa. Wa kwanza unamwekea kipande cha tango au mumunye kilichozamishwa kwa uma wa chuma cha pua, kila baada ya usiku mmoja, unakitoa asubuhi kabla hakijaoza. Wa pili unampa mbolea ya maji yenye potasiamu, anza na nusu ya kipimo cha chupa kwa wiki. Kwa vyovyote vile, Echinodorus na Ancistrus hawapatani muda mrefu. Ningewatoa wote watatu.

Cryptocoryne usizitupe. Mmea huu ukihamishwa huacha majani yake yote yayeyuke kisha huanza upya kutoka kwenye mizizi. Kata uchafu uliolegea, uache shina mchangani, subiri wiki tatu au nne. Watu wengi wanazing'oa siku ya kumi, kisha wanasema tangi lao halikubali Cryptocoryne. Kosa jingine ni kuzihamisha tena zikiwa zinajirudi. Zikishatoa majani mapya, weka kidonge cha mbolea kimoja kila baada ya sm 15, ukisukume kwa kibano hadi kiguse kioo cha chini. Kikibaki juujuu, pua za kambare zitakifukua usiku na utaamka maji yana ukungu.

Sasa orodha ya mwanga mdogo. Nguzo yako iwe Anubias barteri, zile za majani makubwa, tano au sita. Sababu si ugumu wake tu. Synodontis nigriventris hapumzikii chini. Hujibandika chali chini ya kitu chochote kilicholala kama dari. Ukifunga Anubias kwenye mgongo wa lile gogo lako la upinde, sm 25 hadi 30 kutoka mchangani, majani yanakuwa dari, na utawaona mchana samaki wanne wamejipanga matumbo juu chini ya jani, mmoja akisogeza sharubu taratibu. Maficho ya aina hii huyapati kwa paipu.

Kufunga: shina nene linalotambaa, ambalo majani yanatokea juu na mizizi chini, LISIFUKIWE. Likifukiwa mchangani linaoza. Utalijua kwa kulibonyeza na kidole gumba: lililo zima ni gumu kama tangawizi, lililooza linabonyea, linatoa harufu na majani yanachomoka kwa msingi wenye utelezi. Ukikuta hivyo kata kwa wembe hadi ufike kwenye kijani kigumu, tupa kilichobaki. Kwa gundi tumia supagluu ya jeli: kausha mizizi na sehemu ya gogo kwa kitambaa, tone mbili za ukubwa wa punje ya mtama, bonyeza sekunde 30, rudisha majini. Weupe utakaouona kwenye gundi hauna madhara. Uzi wa pamba nao ni mzuri, ila unaoza kabla Anubias haijashika vizuri, kwa hiyo zungusha mara mbili.

Ongeza Bolbitis heudelotii tatu karibu na mdomo wa filta. Ni jamii ya kangaga (fern) wa Afrika, inaota juu ya mawe kwenye mito yenye mkondo, na bonde la Kongo alikotoka samaki wako ndiko nyumbani kwake pia. Ukiiweka kwenye maji yaliyotuama inageuka nyeusi. Java fern inafungwa vivyo hivyo na haina makuu. Usishtuke ukiona majani yake ya zamani yana vidoti vyeusi vilivyopangika mstari mgongoni. Huko ndiko miche yake inatokea.

Vallisneria ningeiacha kwa sasa. Kwa lumeni 17 itaishi, lakini itaburuzika, na upande utakaokuwa na mwanga itakunyang'anya nafasi yote.

Hewa_na_Maji

Ushauri mzuri juu, ila niwapinge kwa mawili.

Kwanza ile ya kuacha sm 30 za tangi gizani. Ukifanya hivyo samaki wote saba watahamia huko, na kwa kuwa ni kona, wenye nguvu watawasukuma wanyonge kwenye mwanga. Kivuli kitawanywe. Afadhali mimea inayoelea. Chukua paipu nyembamba ya pampu ya hewa, kata sm 45, bandika ncha kwa vikombe vya kunata, moja kioo cha mbele nyingine cha nyuma, ipinde kidogo ielee. Fanya mbili. Umegawa uso wa maji vyumba vitatu. Jaza cha katikati, viwili vya pembeni acha wazi. Gogo likae chini ya kile cha katikati. Kwa mpangilio huu hata taa yenyewe usiishushe sana, maana Anubias zilizo chini ya kivuli zinapata kidogo na Cryptocoryne za pembeni zinapata cha kutosha.

Salvinia ndiyo rahisi. Pistia nayo inapendeza kwa mizizi mirefu ambayo kambare hupita katikati yake, lakini matone ya mvuke yanayodondoka kutoka kwenye kifuniko huozesha majani yake. Acha upenyo wa sm 3 au 4 kwenye kioo upande mmoja. Ile ya majani madogo kama dengu, Lemna, usiiguse. Itaziba filta na hutaitoa tena. Ziada ya yote haya kausha juani hadi ikauke kabisa ndipo utupe. Isiende kwenye mtaro wala mto, Pistia na Salvinia zimeshafunga maziwa ya watu.

Pili, na hili hakuna aliyelitaja: oksijeni ya usiku. Mchana mimea inatoa oksijeni. Taa ikizimwa inavuta kama sisi. Maji ya nyuzi 25 hata yakijaa yanabeba kama miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Sasa weka pamoja: mimea yote inavuta, uso wa maji umefunikwa, na hapohapo ndipo kambare wako wameamka, wanakula na kukimbizana. Kiwango cha chini kabisa kinafika kabla tu taa haijawaka. Kwa ratiba yako mpya giza litakuwa saa 17, si mchezo.

Kwa Synodontis wako kuna mtego: wao kwa kawaida hula juu ya maji wakiwa chali, kwa hiyo kumwona mmoja juu si dalili. Dalili ni wote kuwa juu kwa wakati mmoja na vifuniko vya matamvua vikipiga haraka haraka.

Pampu ndogo ya hewa na jiwe lake inatosha, kwenye taima iliyo kinyume cha taa: taa ikizima, pampu iwake. Lakini pampu inayozimwa kila siku ni hatari ya maji kurudi kwa paipu hadi kwenye soketi. Weka vali ya kuzuia maji kurudi, mshale wake uelekee tangini, au uiweke pampu juu ya usawa wa maji. Fanya vyote viwili. Na siku ukiamua kuongeza gesi ya kaboni, ifungwe saa moja kabla ya taa kuzimwa, isiendelee usiku hata dakika moja.

Taa ya bluu: mwezi mpevu wenyewe unatoa chini ya nusu ya luksi moja. Taa nyingi za "mwezi" zinapita hapo mara nyingi sana, na macho ya samaki gizani ni mepesi hasa kwa bluu na kijani. Wewe unaona utulivu, wao wanaona mchana haujaisha. Ukitaka kuwatazama, nyekundu hafifu haiwasumbui sana kama bluu, ingawa si kwamba hawaioni kabisa. Kanuni ya haraka: kama unaweza kusoma maandishi ya kitabu mbele ya tangi, ni kali mno. Funika LED kwa tabaka za utepe wa karatasi hadi ubaki na mwangaza wa kutambua tu umbo la samaki. Baada ya saa mbili izimwe.

FundiWaTaa

Hewa_na_Maji, kwenye kona nakubali, sikufikiria kusukumana. Kwenye kuacha taa kali sikubali. Salvinia chini ya lumeni 35 kwa lita inajaza chumba kile cha katikati ndani ya wiki mbili, siku akichelewa kuivuna inaruka kizuizi, siku akiivuna yote kwa pamoja Anubias zinapigwa mwanga ambao hazijauzoea. Dima kwanza, kisha mimea inayoelea, nayo ivunwe theluthi kwa wiki.

Halafu mwenye tangi ana paipu mbili kwa samaki saba, na paipu iliyo wazi pande zote inapitisha mwanga kama darubini. Ongeza zifike tano, urefu sm 15, kipenyo cha ndani sm 4 hadi 5, kingo zipigwe msasa, upande mmoja zibwe kwa jiwe bapa. Mdomo uelekee nyuma ya tangi.

sharubu_sita

Asanteni sana wakuu. Nimetazama jani dirishani: limekwanguliwa, mishipa imebaki. Ni Ancistrus. Nina mawili ya kumalizia. Mwani uliopo tayari kwenye Anubias niuue kwa dawa ya chupa? Na Echinodorus nikiwatoa inabidi nihamishe gogo, je samaki niwatoe kwa wavu?

jani_pana

Dawa hapana. Nyingi za kuua mwani na konokono zina shaba, na Synodontis hana magamba. Ataathirika kabla mwani haujafa. Zile za "kaboni ya maji" nazo zinaweza kumchoma ukizidisha kidogo. Vile vidoti vigumu vya kijani havitoki kwenye jani lililokwisha kushikwa hata mwanga ukirekebishwa. Kata majani yaliyoathirika zaidi ya nusu, ila usizidi theluthi ya mmea kwa mara moja. Yanayofuata yatatoka safi.

Kama kuna mwani mwingine wa nyuzi, giza la siku tatu linasaidia: badilisha maji asilimia 40, funika tangi lote kwa blanketi zito, pampu ya hewa iwake muda wote, usilishe, siku ya nne badilisha tena asilimia 40. Kambare hawatalalamika. Ila ngoja kwanza Cryptocoryne zitoe majani.

Hewa_na_Maji

Wavu usitumie. Synodontis ana mwiba wa mgongoni na miwili ya mbavuni, akishtuka anaifunga wima na inanasa kwenye nyuzi. Ukimvuta unararua ngozi, ukimwacha anajiua kwa kupigapiga. Akishanasa, kata wavu kwa mkasi ndani ya maji, usihangaike kuunasua mwiba.

Kwa kazi yako hata huhitaji kuwatoa. Zima taa ya tangi, baki na ya chumba, teremsha maji hadi nusu ukiwa umezima hita, inua gogo polepole likiwa bado majini na ulishike hapo hadi aliyejibandika chini yake ashuke mwenyewe. Wengine hukaa humo dakika nzima bila kutikisika, kwa hiyo pitisha mkono chini ya upinde kabla halijatoka nje ya maji. Paipu zihamishe samaki akiwa ndani, viganja viwili vimeziba midomo. Ikikulazimu kumtoa kabisa, mfukuzie kwenye bakuli la plastiki la lita mbili.

Chakula usiku huo usitoe. Kesho yake weka vidonge vinavyozama dakika 30 baada ya taa kuzimwa, kiasi cha kumalizika ndani ya saa moja, na hita hakikisha umeiwasha.